Pendulamu kwa njia ya nishati: mwongozo kamili, kuanzia chubwi hadi gurudumu la baiskeli

Fundi baiskeli wa Ngamiani, hapa Tanga, akishaziba pancha, huigeuza baiskeli kichwa chini miguu juu na kulizungusha gurudumu la mbele kwa kiganja. Siku ukipita hapo, simama ulitazame linapokaribia kutulia. Halisimami popote tu. Linapunguza mwendo, linasita, linarudi nyuma, linakwenda tena mbele kidogo, linarudi, na mwishoni mara nyingi vali ndiyo inayobaki chini. Gurudumu hilo ni pendulamu, yaani kitu kinachobembea huku na huku, na Tanga tunazo kwa maelfu.

Nawafundisha vijana wa kidato cha tano na sita tuisheni ya jioni, na swali la gurudumu huwa ndilo linalowakwamisha. Wote wanaijua kwa moyo kanuni ya T = 2π√(L/g), ambapo T ni muda wa yumbo moja, L ni urefu wa uzi na g ni mchapuko wa mvutano wa dunia. Ukiwauliza L ya gurudumu iko wapi, kimya kinatanda. Fizikia ya ngazi hiyo husomwa kwa Kiingereza, na mara nyingi nimeona mwanafunzi akikwama kwenye neno kabla hajalifikia wazo. Kwa hiyo nimeiandika njia yote hapa kwa Kiswahili, jinsi ninavyoieleza ubaoni.

Njia yenyewe inasimama juu ya maswali mawili. Kitu kimepanda kiasi gani? Kinakwenda kasi gani? Ukiyajibu hayo kwa usahihi, swali la pendulamu limebaki hesabu tu.

Kwa nini nishati, si kani

Kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, ina mwelekeo. Ukianza na kani, lazima uchore mishale, uigawe uzito sehemu mbili, ukumbuke mkazo wa uzi unavuta kuelekea wapi, kisha uhakikishe alama za kujumlisha na kutoa hazijakusaliti. Nishati haina mwelekeo. Ni kiasi tu, kama maji ndani ya ndoo mbili: yakipungua huku yanaongezeka kule.

Ndoo ya kwanza ni nishati tuli, ile ambayo kitu kinaihifadhi kwa sababu kimepandishwa: mgh, yaani tungamo mara mchapuko wa mvutano wa dunia mara kimo. Ya pili ni nishati mwendo: ½mv², v ikiwa kasi. Kama hakuna msuguano wa kuhesabika, jumla yake haibadiliki tangu unapokiachia kitu.

Na mkazo wa uzi? Uzi huvuta kuelekea ulipofungwa, na kitu kinakwenda kwa kuukata mwelekeo huo kwa pembe mraba kila wakati. Kani inayovuta hivyo haifanyi kazi yoyote, haiongezi wala haipunguzi nishati. Basi inatoka kwenye hesabu yetu kabisa. Hiyo ndiyo faida kubwa ya njia hii.

Hatua ya kwanza: pata kimo

Hapa usikimbie. Katika makosa ninayosahihisha, mengi yamezaliwa kwenye mchoro wa kimo, hayakuzaliwa kwenye aljebra.

Chukua mshipi wa kuvulia, funga chubwi, kile kizito cha kuuzamisha, ning'iniza kwenye tawi la mwembe. Chora mstari wima kutoka kwenye fundo la juu hadi chubwi lilipotulia. Urefu wake ni L. Hapo chini kabisa ndipo kimo ni sifuri. Sasa livute chubwi pembeni mpaka uzi ufanye pembe θ na ule mstari wima. Kutoka kwenye fundo kwenda chini, wima, chubwi sasa liko umbali wa L kosaini θ. Mwanzo lilikuwa umbali wa L. Limepanda tofauti ya hivyo viwili:

h = L(1 − cos θ)

Wengine huandika h = L sin θ. Hicho ni kiasi ambacho chubwi limesogea pembeni, na kusogea pembeni hakuna gharama ya nishati tuli. Ukiwa na shaka, jaribu pembe ya 90°: uzi umelala sawasawa na ardhi, chubwi limefika kimo cha fundo, kwa hiyo h lazima iwe L. Kosaini ya 90° ni sifuri, kanuni yetu inatoa L. Jaribu pia sifuri: inatoa sifuri. Lakini L sin θ nayo inapita majaribio yote mawili! Ndiyo maana kosa hilo linadumu. Jaribu 60°: kosaini yake ni 0.5, chubwi limepanda nusu ya L. Pima kwa rula kwenye mchoro na utaona nani mkweli.

Hatua ya pili: sawazisha nishati mahali pawili

Chagua mahali unapojua kila kitu, na mahali unapotaka kujua kitu. Andika nishati ya kila mahali. Weka alama ya sawasawa katikati.

Chubwi la kilo 0.25 liko kwenye mshipi wa mita 1.20, limevutwa hadi 40° na kuachiwa bila kusukumwa. Kasi yake chini kabisa ni ipi? Nitatumia g = 9.78, na sababu nitaieleza baadaye.

Kimo: h = 1.20 × (1 − 0.766) = mita 0.281.
Nishati juu: mgh, kwani halijaanza kwenda.
Nishati chini: ½mv², kwani kimo ni sifuri.

Tungamo m liko pande zote mbili, linafutika. Inabaki v = √(2gh) = √(2 × 9.78 × 0.281), karibu mita 2.34 kwa sekunde.

Ukitaka kasi likiwa njiani, kwenye 20°, usianze upya. Tafuta limeshuka kiasi gani tangu pale juu: 1.20 × (cos 20° − cos 40°) = 1.20 × (0.9397 − 0.7660), karibu mita 0.208. Kasi ni √(2 × 9.78 × 0.208), mita 2.02 kwa sekunde. Angalia: nusu ya pembe imebaki, lakini kasi imeshafika sehemu kubwa ya kasi ya chini kabisa.

Swali likikuuliza mkazo wa uzi, nishati peke yake haitoshi, maana tumeshautoa mkazo kwenye hesabu. Nishati inakupa v; kisha unarudi kwenye kani mara moja tu, pale chini, ambapo mkazo ukitoa uzito ndio unaokipindisha kitu: mkazo − mg = mv²/L. Ukiweka v² = 2gL(1 − cos θ₀), ambapo θ₀ ni pembe uliyoanzia, unapata mkazo = mg(3 − 2cos θ₀). Kwa chubwi letu ni 2.445 × 1.468, karibu nyutoni 3.59. L imetoweka. Mshipi mrefu au mfupi, kwa pembe ileile mkazo wa chini ni uleule, na ukianzia 90° ni mara tatu ya uzito. Mwenye kufunga bembea ya watoto aijue namba hiyo anapochagua kamba.

Jambo la msumari

Pigilia msumari mita 0.90 chini ya fundo, kwenye mstari wima uleule. Chubwi likiteremka, mshipi unakutana na msumari, na upande wa pili linabembea kwa uzi wa mita 0.30 tu. Litapanda hadi wapi? Hadi kimo kilekile lilikotoka, mita 0.281. Msumari hausogei, haufanyi kazi, hauchukui nishati. Pembe itakuwa kubwa zaidi, lakini kimo ni kilekile. Galileo alilitumia jaribio hili karne ya 17, na mpaka leo sijaona la rahisi kulishinda katika kuonyesha kwamba kimo ndicho chenye neno.

Tahadhari moja. Ukitaka chubwi liuzunguke msumari mzunguko mzima, kuwa na nishati ya kufika kileleni hakutoshi. Uzi ukilegea kabla ya kilele, chubwi linaanguka ndani ya duara. Kileleni linahitaji v² isiyopungua g × 0.30, na ukilisawazisha utaona lazima liachiwe kutoka kimo cha 2.5 × 0.30, yaani mita 0.75, ambacho kwa uzi wetu ni pembe ya 68°.

Hatua ya tatu: pembe ndogo, ndipo nishati inageuka kuwa miraba miwili

Mpaka hapa tumepata kasi, hatujapata muda. Swali la muda wa yumbo moja, kwenda na kurudi, linahitaji hatua moja zaidi.

Kwa pembe ndogo, kosaini inaweza kuandikwa kwa ukaribu hivi: cos θ = 1 − θ²/2, θ ikiwa kwa radiani. Kwa hiyo 1 − cos θ inakuwa θ²/2. Jaribu 10°, ambayo ni radiani 0.1745: thamani halisi ni 0.01519, na θ²/2 ni 0.01523. Tofauti ni ndogo mno.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona kitabu kinasema kwa pembe ndogo kosaini ni 1? Nikiweka 1, nishati tuli yote inakuwa sifuri." Aliona vizuri kuliko alivyodhani. Ukiandika cos θ = 1 umekifuta kile kimo kidogo ambacho ndicho kinachoibembeza pendulamu. Kwenye nishati, siku zote bakiza kipeo cha pili cha θ. Kwanza andika nishati kamili, ndipo upunguze.

Sasa iite u kasi ya kubadilika kwa pembe, radiani kwa sekunde. Chubwi linakwenda kwa v = Lu. Nishati nzima ni:

½(mL²)u² + ½(mgL)θ²

Kumbuka sura hiyo. Ni miraba miwili, mmoja wa kasi, mmoja wa pembe, kila mmoja na namba yake mbele. Namba iliyo kwenye mabano mbele ya u² niite J. Hiyo inaeleza jinsi kitu kilivyo mkaidi kugeuzwa. Namba iliyo kwenye mabano mbele ya θ² niite K, inaeleza jinsi kitu kinavyovutwa kurudi kwenye msawazo.

Hatua ya nne: gawa K kwa J

Nishati ikiwa na sura ya miraba miwili, mwendo unakuwa ule wa kupanda na kushuka kama saini: θ = θ₀ sin ωt, ambapo t ni muda uliopita na ω = 2π/T. Kasi kubwa kabisa ya pembe ni ωθ₀. Chini kabisa nishati yote ni ya mwendo: ½J ω²θ₀². Mwisho wa yumbo yote ni tuli: ½K θ₀². Zisawazishe. θ₀ inafutika, na hilo ndilo linalotuambia kwamba ukubwa wa yumbo haubadilishi muda, pembe zikiwa ndogo. Inabaki:

ω² = K/J, na T = 2π√(J/K)

Kwa chubwi, K/J = mgL/mL² = g/L. Kanuni uliyoikariri imejitokeza yenyewe. Kwa mshipi wa mita 1.20, T = 2π√(1.20/9.78), sekunde 2.20. Sihitaji kuandika mlinganyo wa mchapuko wala kuutatua. Njia hii hubeba jina la Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, na wahandisi huitumia hadi kwenye mitetemo ya majengo.

Kwa yumbo kubwa, T huongezeka. Kisahihisho cha kwanza ni kuzidisha kwa (1 + θ₀²/16). Kwa 10° ni nyongeza ya asilimia 0.2, kwa 30° asilimia 1.7, kwa 40° karibu asilimia 3. Ndiyo maana maabara wanakwambia usizidishe 10°.

Vitu visivyo na uzi

Nguvu ya njia hii inaonekana hapa. Ning'iniza rula ya mita moja kwa tundu lililo karibu kabisa na ncha yake. L ni ipi? Usiulize hivyo. Uliza maswali yetu mawili.

Kimepanda kiasi gani? Kinachohesabika ni kitovu cha tungamo, kilicho katikati ya rula, umbali wa L/2 kutoka kwenye tundu. Nishati tuli kwa pembe ndogo: ½(mgL/2)θ². Basi K = mgL/2.

Kinakwenda kasi gani? Hapa kila kipande cha rula kina kasi yake: cha karibu na tundu kinajikokota, cha nchani kinakimbia. Ukijumlisha ½mv² za vipande vyote, rula yenye unene sawa inatoa J = mL²/3. Namba hii huitwa momenti ya inesha, na mitihani mingi hukupa au hutegemea uijue.

T = 2π√(J/K) = 2π√(2L/3g). Kwa mita moja: sekunde 1.64. Chubwi kwenye uzi wa mita moja ni sekunde 2.01. Rula ina haraka zaidi, kwa kuwa tungamo lake kubwa halikai nchani.

Sasa weka springi. Pendulamu ya kilo 0.5, uzi tuubadilishe kwa ufito mwepesi wa mita 1, na springi iliyolala imefungwa kwenye ufito mita 0.4 chini ya fundo, ugumu wake k = nyutoni 20 kwa mita, ikiwa haijavutwa ufito unaposimama wima. Ufito ukipinda kwa θ, springi inavutika kwa 0.4θ, inahifadhi ½k(0.4)²θ². Ongeza tu kwenye K: mgL ni 4.89, springi ni 20 × 0.16 = 3.2, jumla 8.09. J imebaki 0.5. T = 2π√(0.5/8.09), sekunde 1.56. Kwa njia ya kani ungehesabu momenti za kani mbili zenye mielekeo yake. Hapa ni kujumlisha.

Ligeuze jambo lote: kitu kiwe juu, egemeo chini, kama mlingoti wa ngalawa, springi ikiushika palepale mita 0.4 kutoka kwenye egemeo. Sasa ukipinda, kitu kinashuka, kwa hiyo mgL inaingia na alama ya kutoa. K = 3.2 − 4.89, hasi. Hakuna ω ya kupata, kwa sababu hakuna yumbo: mlingoti unaanguka. Ili usimame, springi lazima iwe na ugumu unaozidi 4.89/0.16, karibu nyutoni 30.6 kwa mita. Alama ya K imejibu swali la msawazo bila kuulizwa.

Jipimie mwenyewe

Nilisema g = 9.78. Vitabu vingi huandika 9.8 au 9.81, na mitihani mara nyingi hukupa 10; tumia uliyopewa. Lakini kwenye ikweta dunia imetanuka kidogo, na mzunguko wake unapunguza mvuto zaidi kuliko huko kaskazini. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alifika Cayenne, Amerika ya Kusini, takriban nyuzi 5 kaskazini, mji ulio mbali na ikweta kama sisi. Saa yake ya pendulamu iliyokwenda sawa Paris ikawa inachelewa zaidi ya dakika 2 kwa siku, akalazimika kuifupisha pendulamu. Angeteremka bandarini Tanga, angeliona lilelile.

Kwa kupima, kamba ya katani naipenda lakini haifai hapa: ina nywele zinazokamata hewa, na inajisokotoa ikilizungusha chubwi. Tumia mshipi mwembamba. Nailoni huvutika, kwa hiyo pima L chubwi likiwa tayari limening'inia, kutoka chini ya fundo hadi katikati ya chubwi, si hadi kwenye kitanzi. Bana ncha ya juu kati ya vibao viwili, uzi usiwe unateleza juu ya msumari. Achia kutoka 5° au 6°. Anza kuhesabu chubwi linapopita chini, ambako lina kasi kubwa na jicho halisiti, na hesabu ya kwanza iwe sifuri, si moja. Pima yumbo 20. Kwa mita 1.20 utegemee sekunde 44. Kosa la milimita 5 kwenye L linakupotosha g kwa asilimia 0.4, ambayo ni zaidi ya tofauti yote kati ya Tanga na Paris. Basi rula ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, kuliko saa.

Ukitazama yumbo likififia, kumbuka nishati inafuata kipeo cha pili cha θ₀. Kutoka 10° hadi 8° pembe imepungua asilimia 20, lakini nishati iliyobaki ni asilimia 64.

Gurudumu la fundi

Turudi Ngamiani. Chukulia rimu na tairi vina kilo 1.5 (M), karibu vyote viko umbali wa mita 0.31 (R) kutoka kwenye ekseli. Spoki ni nyepesi na kitovu kiko karibu na ekseli, tuviache. Pale kwenye vali kuna uzito uliozidi kidogo, m.

Kimepanda kiasi gani? Gurudumu lenyewe, bila ule uzito, halipandi kabisa. Kipande kimoja kikipanda, cha upande wa pili kinashuka, na kitovu cha tungamo hakitoki kwenye ekseli. Kinachopanda ni m peke yake: K = mgR. Kinakwenda kasi gani? Hapa kila kitu kinakwenda: J = (M + m)R². Uzito mdogo unavuta, tungamo kubwa linakokotwa. Ndiyo sababu gurudumu linarudi polepole namna ile.

Bandika gramu 30 za udongo penye vali ya gurudumu ambalo mwanzo lilikuwa limesawazika. ω² = 0.03 × 9.78 / (1.53 × 0.31), karibu 0.619, na T inafika sekunde 8. Ongeza hadi gramu 60, T inashuka hadi 5.7.

Geuza sasa swali. Mwombe fundi gurudumu ambalo ekseli yake imepakwa grisi vizuri, lisogeze kidogo pembeni ya mahali linapotulia, liachie, pima kwa saa ya simu. Tuseme umepata sekunde 12 kwa yumbo moja. ω = 2π/12, yaani 0.524, ω² ni 0.274. Uwiano m/(M + m) = ω²R/g, karibu 0.0087. Kwa kilo 1.5, vali na kilichoizunguka kimezidi kwa gramu 13, na hukuigusa mizani.